Shangazi, Hii Umeipata Wapi?

Tanga, 9 Machi 2025

Nusaiba mwanangu,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikufikie mkiwa wazima, wewe, mumeo na mjukuu wangu Ummi, na Ramadhani iwe inawaendea vyema hata huko ambako adhana haikufikii jikoni. Sisi hatujambo. Masika hayajaanza, joto limetukalia vichwani. Fauzia, mke wa mwanangu, amejifungua mtoto wa kike. Ingawa nilishastaafu ukunga, nilikaa pale wodini nikiwaelekeza wauguzi hadi wakaniomba kwa adabu nisubiri nje. Mtoto ana paji la uso la marehemu baba yako. Nilipomwona nilimlilia kaka yangu upya.

Sasa nikuulize. Nimekukosea nini?

Umejitoa kwenye kundi letu la WhatsApp bila hata kuaga. Nikipiga simu, laini yako haipatikani. Nimeuliza ndugu wote, hakuna ajuaye. Mwisho Naseeb wa barabara ya kumi na mbili akaniambia anakuja Johannesburg kwa biashara zake za nguo na jengo lenu analijua. Nikasema basi, nitakuandikia kwa kalamu kama tulivyokuwa tukiwaandikia watu zamani.

Isije ikawa ni ile video ya watoto wanaoibwa. Kama ni hiyo, jua nimeituma kwa ajili yenu. Nilipoona wale watoto wanavutwa ndani ya gari, na chini yake pameandikwa Johannesburg, nilimwona Ummi. Ulitaka ninyamaze?

Mpe Naseeb japo mistari miwili. Nikijua tu kwamba mko hai, nitafuturu kwa amani.

Ni mimi shangazi yako,
Tabia


Berea, Johannesburg, 13 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika, ila Naseeb alikaa nayo siku nyingi kwa sababu tulihamia kwa rafiki kwa muda. Hongereni kwa mtoto. Mungu amkuze. Idd tulisali na kurudi ndani, hatukutembelea watu. Ummi ni mzima wa mwili. Usiku anashtuka.

Nitakuambia kilichotokea, kisha utaamua mwenyewe kama umenikosea.

Hukutuma video peke yake. Uliweka na sauti yako. Nimeisikiliza hadi nimeihifadhi: "Jamani wazazi, hili ni kweli kabisa. Mpwa wangu Nusaiba anaishi hukohuko Berea, na mtoto wake anapanda gari jeupe la Mkongo kama hilo hilo. Angalieni watoto wenu."

Ile sauti haikukaa Tanga. Kabla ya jua kuchwa ilikuwa imesharudi huku, kwenye makundi ya Watanzania, kisha ya Wakongo na Warundi. Mtu akaitafsiri kwa Kizulu. Wewe ulisema "kama hilo hilo." Kwenye tafsiri "kama" ilipotea. Ikabaki kwamba gari ni hilo, na kwamba aliyeona kwa macho yake ni Nusaiba wa Berea.

Huyo Mkongo mwenye gari jeupe ana jina. Anaitwa Cédric, ametoka Bukavu, anaishi mlango unaotazamana na wetu. Mkewe Célestine anasuka nywele Joubert Park. Kila asubuhi Cédric hukusanya watoto wa jengo letu na kuwapeleka shule, na mchana huwarudisha. Nilikusimulia habari zake mimi mwenyewe nilipokuja likizo, nikimsifu kwa uangalifu wake. Umekumbuka?

Jumatatu iliyofuata, mchana, Cédric alisimama kwenye robot, ndiyo wanavyoziita huku taa za barabarani. Vijana wakalizunguka gari. Mmoja alikuwa ameshika simu, analinganisha. Wakavunja kioo, wakamvuta Cédric nje, wakaanza kumpiga kwa mawe na vyuma. Watoto walikuwa ndani. Ummi alikuwa ndani, Shangazi. Alikuwa anapiga kelele, "He's our driver! He's our driver!" na hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu walikuwa wanamwokoa.

Aliyewazuia ni bibi mmoja wa Kizulu anayeuza mboga kwenye kona ile. Mjukuu wake hupanda gari hilo hilo. Aliwasukuma akapita, akamlalia Cédric mwili mzima. Akawaambia, mkitaka kumuua, anzeni na mimi. Hapo ndipo wakarudi nyuma.

Cédric yuko hai. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili na jicho moja lilifungwa kwa wiki kadhaa. Polisi wamekamata vijana wawili. Video yenyewe si ya huku, imechukuliwa nchi nyingine kabisa, tena miaka mingi nyuma.

Célestine hanisalimu. Anaamini mimi ndiye niliyemchongea mumewe. Watu nisiowajua walinipigia usiku na mchana, wengine kunishukuru, wengine kunitukana. Ndiyo maana nilitupa ile laini.

Nina swali moja tu kwako. Ile video uliipata wapi?

Nusaiba


Tanga, 11 Mei 2025

Mwanangu Nusaiba,

Salamu nyingi. Masika yamekuja kwa hasira, maji yameingia uani hadi kwenye banda la kuku. Mtoto wa Fauzia ameanza kucheka. Kaka yako, baba wa mtoto huyo, amepata kazi bandarini, ya muda, lakini ni kazi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini.

Namsikitikia huyo kijana. Wallahi namsikitikia. Lakini, mwanangu, umeniandikia kama hakimu. Mimi ndiye niliyepiga ile video? Mimi ndiye niliyetafsiri kwa Kizulu? Nilishika jiwe? Watu mia walituma kabla yangu na watu mia baada yangu, na kati ya wote hao umeniona mimi tu. Nimewazalisha wanawake wa mji huu maisha yangu yote. Nikisikia hatari, nasema. Ndivyo nilivyozoea. Mama akiniambia mtoto hachezi tumboni, sisubiri nithibitishe kwanza, nakimbia naye hospitali. Nikikosea, tunacheka na kurudi nyumbani. Nisipokimbia na ikawa kweli, je?

Na mimi nina swali langu. Ile asubuhi, baada ya kutuma, nilibonyeza ujumbe wangu nione nani wameusoma. Jina lako lilikuwepo. Wewe ni mtu wa kwanza kuusoma. Unaishi hapo, Cédric ulimjua, na kwa akili zako naamini ulijua ile video ni ya uongo. Mbona hukuniambia?

Ungeandika neno moja, "Shangazi, futa," ningefuta.

Tabia

Huyo Cédric, mkono wake unaendeleaje? Bukavu ana mama?


Berea, 29 Juni 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nimejifunga blanketi, baridi ya huku mwezi huu inapita hadi kwenye mbao za dirisha. Mume wangu anakusalimu. Ummi amerudi kulala vizuri na ameng'oka meno ya mbele, anacheka amefunika mdomo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu swali lako nililikimbia. Nilianza barua mara kadhaa, kila mara nikijitetea. Jibu la kweli ni fupi. Sikukuambia kwa sababu wewe ni shangazi yangu.

Niliiona asubuhi ile nikiwa kwenye basi, naenda kazini kwenye duka la ushonaji. Nilijua mara moja si Johannesburg. Hata namba za magari si za huku. Nikaanza kukuandikia. Kisha nikaona wakubwa wote wamekujibu "Amin" na "Asante dada kwa kututahadharisha." Nikajiuliza, nianze mimi mtoto kumwambia Shangazi Tabia mbele ya ukoo mzima kwamba amesema uongo? Nikarudisha simu mkobani. Nikasema yatapita.

Kuna mteja wetu anaitwa Mansour, kijana wa Zanzibar anayesoma chuo kikuu cha Braamfontein. Anachunguza hasa mambo haya, jinsi habari za uongo zinavyotembea kwenye simu. Alikuja kupunguza suruali nikamsimulia yote, na kwa kweli nilitaka aniunge mkono dhidi yako.

Nikamuuliza, "Hivi watu wanatuma vitu hivi kwa sababu ya ujinga?"

Akasema, "Wachache. Wengi niliowahoji wametuma kwa sababu waliogopa, na waliogopa kwa sababu kuna mtu wanampenda. Video inawakuta na hofu, kidole kinatangulia, akili inafika baadaye. Wengine wanataka waonekane wamo, hawajapitwa. Ukimpa mtu nafasi ya kujiuliza tu, 'hivi hii ni kweli?' kabla hajabonyeza, mara nyingi anaacha mwenyewe."

"Na ambaye ameshatuma?"

"Ukimwaibisha mbele za watu atashikilia alichosema ili asionekane mjinga. Mfuate peke yake. Muulize ameipata wapi. Muulize, usimhukumu." Akanitazama. "Wewe shangazi yako ulimfuata?"

Nilijifanya natafuta pini.

Shangazi, barua yangu ya Aprili ilikuwa na ukweli, lakini niliiandika ikuume. Nisamehe kwa hilo. Na ulichosema kuhusu mama ambaye mtoto wake hachezi tumboni nimekifikiria sana. Nadhani tofauti ni hii: yule mama unamkimbiza hospitali, mahali ambapo kuna mtu wa kupima. Video ile tuliikimbiza barabarani.

Cédric amefunguliwa plasta. Vidole viwili havikunjiki. Ana mama Bukavu, na hawajamwambia. Haendeshi tena, anashinda ndani. Célestine bado ananipita kwenye ngazi kama ukuta.

Mtoto wako,
Nusaiba


Tanga, 3 Agosti 2025

Nusaiba mwanangu,

Waalaykum salaam na marahaba nyingi. Nyumbani kwema. Binti wa Fauzia ameanza kujiburuta na anakula mchanga. Huku nako kuna kaubaridi, nacheka nikisema hivyo nikikumbuka blanketi lako.

Barua yako nilikaa nayo. Kisha nikafanya kazi niliyoizoea: nikaanza kuuliza.

Video niliipata kwa Fauzia. Hukuandika hivyo lakini nadhani ulihisi ndiyo maana sikukujibu mara ya kwanza. Nilikuwa namlinda, alikuwa mzazi. Nikamwita chumbani, tukiwa wawili tu, nikamuuliza. Akasema ameipata kwenye kundi la kina mama wa kliniki. Nikaenda kwa aliyeiweka kule, nimewazalisha yeye na dada zake. Akasema ameitoa kwa mkwewe wa Muheza. Nikapanda gari nikaenda Muheza. Yule mama alinikaribisha, tukanywa chai, akatafuta kwenye simu yake. Ilitoka kwenye kundi la kununua vyombo kwa mchezo, wa kuchangiana pesa kwa zamu. Na kule iliwekwa na namba ambayo hakuna anayeijua, imekwisha kuzimwa.

Nilirudi nimechoka, na nilikuwa nimejifunza jambo. Kote nilikopita sikukuta mtu mbaya. Kila mmoja aliniambia, "Nimeamini kwa sababu aliyenitumia ni mtu wa kuaminika." Tulikuwa tunaaminiana sisi kwa sisi, na hakuna hata mmoja aliyeona kitu. Halafu nikaja mimi, mwaminifu kuliko wote, nikaweka jina lako na gari la kweli la mtu wa kweli. Ule uongo ulikuwa hauna pa kukaa. Mimi ndiye niliyeupa nyumba.

Nikarekodi sauti nyingine. Nimeandika maneno yake hapa ili uyajue kabla hayajakufikia:

"Ni Tabia, mkunga. Mwezi wa pili nilisema kwamba kuna Mkongo wa gari jeupe anaiba watoto Berea, Johannesburg. Nilisema nina hakika. Sikuwa na hakika. Sikuona, na mpwa wangu Nusaiba hakuniambia kitu kama hicho. Yule dereva ni mtu mwema, watoto walikuwa salama mikononi mwake, na kwa sababu ya maneno yangu amepigwa karibu ya kufa. Kama ulisikia sauti yangu ya kwanza na ukamtumia mtu, mtumie na hii, mtu yule yule."

Nilituma kila mahali nilipotuma ya kwanza. Haikukimbia kama ile, mwanangu. Ya kwanza ilipaa, hii ilitembea kwa miguu. Wengine walicheka. Mke wa mjomba wako aliniambia nimejidhalilisha bure, yamepita. Lakini wiki iliyofuata akaja mama mmoja na simu mkononi: kuna dawa ya kuingiza uchungu haraka, majani fulani, imeenea kwenye simu zote. Akauliza, "Mkunga, ni kweli hii?" Nikasema si kweli, itakuua. Akaifuta mbele yangu. Siku hizi wanakuja karibu kila siku. Nisiyoyajua nasema sijui, tunamuuliza daktari.

Na kwenye kundi la ukoo nimetangaza: yeyote, hata mdogo kabisa, ana ruhusa ya kuniuliza, "Shangazi, hii umeipata wapi?" Siyo utovu wa adabu. Nimeamuru mimi.

Kama Cédric na mkewe watakubali, wasikilizishe. Wasipokubali, usiwashurutishe. Wana haki.

Shangazi yako anayekupenda,
Tabia


Berea, 19 Oktoba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai mu wazima wote na binti wa Fauzia ameacha mchanga. Huku miti ya jakaranda imechanua, barabara zote zimejaa maua ya zambarau. Ummi anaokota na kumjazia baba yake mifukoni. Mume wangu anakuombea dua kila akiona barua yako.

Nilikuwa nimepanga namna ya kuwapelekea sauti yako. Nikaandaa maneno, nikapoteza ujasiri, nikaandaa tena. Kumbe ulishanitangulia. Mwezi uliopita Célestine alikuwa anamsuka mteja wa Lubumbashi, yule mama akafungua simu kupoteza muda, na sauti yako ikatoka katikati ya saluni.

Jioni yake mlango ukagongwa. Célestine alikuwa amesimama pale na aproni ya kazi bado kiunoni.

"Nusaiba, ule mama wa mu audio, ni tantine yako ya kweli?"

"Ndiyo."

"Hakuna mutu alimulazimisha?"

"Hakuna."

"Na wewe? Haukusema kitu juu ya Cédric?"

Nikamwambia sikusema kitu kibaya. Nikamwambia pia kwamba niliiona mapema nikanyamaza. Nilidhani ataondoka. Alifungua aproni kiunoni, akasema, "Na mimi niliipata asubuhi ya siku ile walimupiga. Sikuifungua. Nilisema ni mambo ya Watanzania." Akaingia ndani. Tulikunywa chai. Alipotoka aliomba namba yako.

Mliongea nini unajua wewe na yeye. Usichokijua ni hiki. Alikuwa ameweka simu mezani kwa sauti kubwa, na Cédric alikuwa chumbani, mlango haukufungwa vizuri. Ulipomuuliza Célestine mama yake Cédric anaitwa nani, ili umtaje kwenye dua, Cédric alitoka. Alikaa kitini, akaweka ule mkono wake mbaya juu ya meza karibu na simu, akasikiliza hadi mwisho.

Baada ya siku chache bibi wa mboga aliwaita wazazi wa jengo, wenyeji na wageni, pale kwenye korido ya chini. Akasema yeye amechoka kumpandisha mjukuu wake teksi mbili. Sauti yako ilichezwa, Mansour, niliyemwomba aje, akaitafsiri kwa Kiingereza, jirani mmoja kwa Kizulu, pole pole, neno kwa neno, na safari hii hakuna lililodondoka. Baadhi walisema bado wanaogopa. Familia mbili hazikurudi, na sitakudanganya kwamba zitarudi. Waliobaki wakamwomba Cédric arudi kuendesha muhula ukianza.

Alikataa. Akasema, "Kila robot nitaona mawe." Hakuna aliyebishana naye. Kisha Ummi, ambaye Kiswahili chake unakijua, akasema, "Tonton," yaani mjomba, "mimi nitakaa mbele." Watu wakacheka, na Cédric akacheka, mara ya kwanza tangu Februari.

Ameanza Jumatatu iliyopita. Daktari amempima mkono, anaruhusiwa. Na kuna utaratibu mpya ambao ni wake mwenyewe. Akishawashusha watoto wote, hurekodi sauti kwenye kundi la wazazi: "Cédric hapa. Tumefika. Wote wameshuka salama." Ni hayo tu. Juzi mtu aliweka kwenye kundi hilo ujumbe kwamba polisi wanazunguka shule zote kukamata watoto wa wageni. Zamani tungeanza kukimbia. Wa kwanza kujibu alikuwa Célestine: "Umeipata wapi?" Mwingine akapiga simu shuleni. Hakukuwa na kitu. Aliyetuma akafuta, akaandika samahani, na hakuna aliyemcheka. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji.

Nimerudi kwenye kundi la ukoo. Nimeona watoto wanakusumbua kwa lile swali, nimeona na wewe unajibu kwa upole. Nimefurahi.

Jambo la mwisho. Cédric ameniuliza kama ungependa kuwemo kwenye kundi la gari. Wazazi wamekubali, ingawa utakuwa mwanachama pekee usiye na mtoto ndani yake. Nimekuingiza leo. Kesho asubuhi, ukiwa unachota maji ya kunywesha kuku, simu italia. Itakuwa yeye, atasema wamefika.

Hiyo usimtumie mtu, Shangazi. Kaa uisikilize.

Mwanao,
Nusaiba